Baba Sala na Mlango wa Ukumbi

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa

Natumaini mko tayari. Mwalimu msaidizi na ahakikishe kila mtu ana kalamu na daftari, maana leo tutaandika maneno matatu na tutafanya hesabu mbili. Aliyesahau miwani yake nyumbani na akae karibu na mwenzake, wasaidiane.

Leo nitawaeleza habari za mtu aliyefanya kazi ya kuchekesha watu. Msiidharau kazi hiyo. Kuchekesha ni kazi kama useremala au ushonaji. Ina vyombo vyake, ina gharama zake, ina faida na ina hasara. Tena ina wezi wake.

Kwanza niwaambie jambo moja juu yangu mwenyewe, ingawa si la kujivunia. Siku moja nilikuwa safarini, na basi letu likaharibika kwenye stendi. Tukakaa pale saa tatu. Akapita kijana amebeba boksi la sidii za vichekesho, kila moja shilingi elfu moja. Nikanunua moja. Jalada lake lilikuwa karatasi iliyofifia, na jina la mchekeshaji lilikuwa limekosewa herufi mbili. Nilipofika nyumbani nikaiweka kwenye mashine, tukacheka sana, mimi na watoto. Sikujiuliza neno. Sasa fikirini: katika watu wote waliokuwa pale stendi, mimi ndiye ambaye kazi yake ni kusoma na kusomesha. Lakini sikusoma kitu juu ya lile jalada. Halikuwa na jina la aliyetengeneza mchezo, wala la aliyeutoa, wala mahali alipo. Ile elfu moja yangu ilikwenda wapi? Kijana alipata sehemu yake, na aliyenakili alipata sehemu yake. Yule aliyetuchekesha hakupata hata senti moja.

Mtaona kwa nini nimeanza hapo. Sasa twende Nigeria.

Kama darasa lenu lina ramani ukutani, mtu mmoja na asimame. Aweke kidole juu ya Dar es Salaam, kisha akipeleke upande wa machweo, avuke Kongo yote, aende mpaka pale pwani ya Afrika inapojikunja kama kiwiko cha mkono. Hapo ndipo ilipo Nigeria. Upande wa kusini-magharibi wa nchi hiyo wanakaa Wayoruba, watu wenye miji mikubwa tangu zamani: Ibadan, Ilesa, Oshogbo, na mingine mingi.

Moses Olaiya Adejumo alikuwa mtu wa Ilesa. Alizaliwa tarehe 18 Mei 1936. Lakini wachache walimwita kwa jina hilo. Watu walimwita Baba Sala. Neno "baba" kwa Kiyoruba lina maana ile ile tuliyo nayo sisi. Basi Baba Sala ni baba yake Sala, kama sisi tunavyomwita jirani Baba Asha au Baba Juma.

Mwanzo alikuwa mpiga muziki. Katika miaka ya 1960 alikuwa na bendi yake, na mmoja wa wapiga gitaa wake alikuwa kijana ambaye baadaye alijulikana duniani kote kwa jina la King Sunny Ade. Kijana yule akashika njia ya muziki. Mwenye bendi akashika njia ya vichekesho, akaunda kikundi kilichoitwa Alawada, maana yake watu wa mzaha.

Sasa mwoneni anavyotoka jukwaani. Amevaa miwani mikubwa kupita uso wake, na haina vioo. Shingoni ana tai ya kipepeo, kubwa kama kipepeo cha ndoto. Watu wengine huvaa saa ndogo mkononi, yeye amejitundika saa kubwa ya kengele, ile ya kuwekwa mezani. Bado hajasema neno, na ukumbi wote umekwisha vunjika kwa kicheko. Mtu huyu anayemwigiza ni mzee mwenye tamaa na majivuno, anayejiona mjanja kuliko wote, na mwisho hunaswa na ujanja wake mwenyewe. Je, mzee wa namna hii hamumjui? Nadhani kila kijiji kina wake, na mwenyewe akiwa ukumbini hucheka kuliko wengine, maana adhani anachekwa jirani yake.

Neno letu la kwanza la leo ni hili. Liandikeni polepole: MWO-NGO-ZA-JI. Mwongozaji wa michezo ni mtu anayewapanga waigizaji: wewe simama hapa, wewe ingia mlango ule, wewe sema kwa sauti, wewe ngoja mpaka watu wamalize kucheka. Baba Sala alikuwa mwongozaji, tena alikuwa mwongozaji wa kujitegemea. Hakuajiriwa na serikali wala na kampuni. Kikundi kilikuwa chake, na deni la kikundi lilikuwa lake pia.

Kazi hii ya kujitegemea hakuianzisha yeye. Aliyeifungulia njia kwa Wayoruba alikuwa Hubert Ogunde, aliyezaliwa mwaka 1916. Ogunde alikuwa askari polisi, akaacha kazi hiyo akaunda kikundi cha kulipwa mwaka 1945, wakati Waingereza bado wanatawala. Mwaka huo huo aliandaa mchezo juu ya mgomo wa wafanyakazi na njaa. Ulipoonyeshwa katika mji wa Jos mwaka uliofuata, wakubwa waliukataza, wakamtoza faini. Hata baada ya uhuru hakupona. Mwaka 1964 alitoa mchezo uitwao Yoruba Ronu, maana yake Wayoruba, fikirini, na serikali ya jimbo la Magharibi ikamzuia kucheza katika jimbo hilo karibu miaka miwili. Na kwa vile waigizaji wa kike walikuwa hawadumu, wakiolewa huondoka, Ogunde aliona dawa yake ni kuwaoa yeye mwenyewe. Nyumba ikawa kikundi, na kikundi kikawa nyumba. Sisemi lilikuwa jambo jema au baya. Nasema tu kwamba huyu alikuwa mtu aliyefikiria hesabu ya mishahara.

Nyuma ya Ogunde walikuja wengi. Kufika miaka ya 1980, vikundi vya Kiyoruba vya kusafiri vilikuwa zaidi ya mia moja. Safari zao zilikuwa hivi. Kikundi kinapakia lori: mavazi, ngoma, taa, mapazia. Lori linaingia mjini mchana, ubavuni limebeba picha zilizopakwa rangi kali, na juu yake waigizaji wanapiga ngoma na kutangaza kwa kipaza sauti. Usiku watu wanakuja kwenye ukumbi wa shule au wa hoteli. Mlangoni amekaa mtu wa kuaminiwa, mara nyingi ni jamaa wa mwenye kikundi, naye anapokea fedha. Wale waliowahi kuona hapa kwetu vikundi kama Muungano au TOT vikiingia wilayani na magari yao hawana haja ya kuelezwa zaidi.

Michezo mingi ya namna hiyo haikuandikwa. Mwongozaji aliwaeleza wenzake hadithi, kila mtu akajua sehemu yake, na maneno wakayapata palepale jukwaani. Mchezo ulikaa kichwani mwa watu. Likumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

Sasa hesabu ya kwanza. Naziweka namba za darasani tu, si hesabu za Baba Sala. Tuseme kiingilio ni shilingi 1,000, na watu 300 wamekuja. Elfu moja mara mia tatu ni shilingi 300,000. Toeni gharama: ukumbi 60,000, mafuta na lori 80,000, matangazo 10,000, na waigizaji kumi na watano, kila mmoja 6,000, jumla 90,000. Jumlisheni gharama zote. Mnapata 240,000. Basi mwenye kikundi amebaki na shilingi 60,000, na kesho usiku ataanza tena katika mji mwingine.

Si fedha nyingi. Lakini tazameni: zimo mkononi mwake usiku ule ule. Hakuna awezaye kucheka bila kupita mlangoni, na mlango anao yeye. Mwizi aweza kuiba ngoma, aweza hata kuiba miwani isiyo na vioo. Kicheko cha usiku ule hawezi kukiiba, maana kikishatoka kimekwisha.

Haya, tuendelee. Mwaka 1959 mji wa Ibadan ulipata kituo cha televisheni, cha kwanza katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ukiacha za kaskazini. Baada ya miaka michache vichekesho vya Baba Sala vilionekana humo, na watu ambao lori lake halikuwafikia wakamjua. Televisheni haikumdhuru. Ilikuwa kama tangazo kubwa: mtu akimwona kwenye televisheni Jumamosi, lori lilipofika mjini kwake alikimbilia ukumbini akamwone kwa macho.

Kisha ikaja hamu ya sinema. Mwaka 1979 Ogunde alitoa filamu iitwayo Aiye, iliyoongozwa na Ola Balogun, nayo ilijaza watu kupita kiasi. Waongozaji wengine wakaona: kumbe mchezo mmoja waweza kuonyeshwa mia mara bila waigizaji kuchoka! Lakini kutengeneza filamu si kama kupakia lori. Filamu ya siku zile ilikuwa utepe halisi, ulionunuliwa kwa fedha za kigeni. Ukishapiga picha, huna budi kuupeleka Ulaya ukasafishwe. Mwenye kikundi hana fedha kama hizo sandukuni. Lazima akope.

Baba Sala alikopa. Mwaka 1982 ilitoka filamu yake, Orun Mooru, naye Ola Balogun ndiye aliyeiongoza. Jina hilo maana yake ni mbinguni kuna joto. Ni habari za mfanya biashara anayedanganywa na tapeli kwamba mapipa yake yatajazwa fedha kwa uchawi, akapoteza kila kitu. Nami kila nikikumbuka hadithi hiyo huona ajabu, kwa sababu ya mambo yaliyompata mwenyewe baadaye. Alicheza mtu aliyefilisika kwa kutaka mali nyingi, kisha akafilisishwa na wengine waliotaka mali yake.

Wenye filamu za Kiyoruba walikuwa na desturi moja ya busara. Hawakumpa mtu filamu yao aende nayo. Mwenyewe alisafiri nayo kama mama na mtoto mchanga. Alikodi ukumbi, akaleta mashine yake ya kuonyeshea, akasimama mlangoni au akamsimamisha jamaa yake, watu wakalipa, wakaona, kisha akaukunja utepe wake akaenda mji wa pili. Yaani waligeuza sinema ikawa kama jukwaa. Mlango ulikuwa bado wao.

Lakini wakati huo huo, mashine mpya ilikuwa imekwisha ingia katika nyumba za wenye uwezo: mashine ya video. Wazee wanaikumbuka, vijana labda hawakuiona. Ilikuwa na kanda yenye ukubwa wa kitabu kidogo, na ndani yake kuna utepe mweusi. Uzuri wake, na ubaya wake, ulikuwa huu: ukichukua mashine mbili, ukaziunganisha kwa waya, ukatia kanda yenye mchezo katika moja na kanda tupu katika nyingine, baada ya saa mbili unazo kanda mbili. Kesho nne. Kesho kutwa nane.

Neno la pili: NA-KA-LA. Nakala ni kitu kilichofanywa kifanane na kitu cha kwanza. Ukinakili barua kwenye daftari lako, ile ya daftarini ni nakala. Ukinakili bila ruhusa mchezo wa mtu ili uuze, nakala ile ni ya wizi, hata kama kanda tupu uliinunua kwa fedha yako halali. Hapo ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba kwa vile kanda ni yao, na yaliyomo ni yao.

Ikawa kwamba Orun Mooru, wakati Baba Sala bado anaizungusha kumbini ili alipe deni, ilionekana mitaani katika kanda za video. Hakuzitoa yeye. Watu wakainunua, wakakaa sebuleni kwao wakacheka. Kwa nini mtu aende ukumbini alipe, apange mstari, arudi usiku, na kanda anayo jirani? Mlango wa ukumbi ulibaki wazi, na mtu wa kuaminiwa amekaa hapo na sanduku lake, lakini watu hawaji.

Hebu tufanye hesabu ya pili. Hizi pia ni namba za darasani. Tuseme filamu imegharimu shilingi 30,000,000, zote za mkopo. Kila onyesho, baada ya kutoa gharama, linabakiza shilingi 150,000. Maonyesho mangapi yatalipa mkopo? Gawanyeni. Msiogope masifuri, futeni manne juu na manne chini. Jibu ni maonyesho 200. Basi tuseme baada ya maonyesho 20 tu kanda za wizi zimetoka, na watu wameacha kuja. Deni lililobaki ni kiasi gani? Hesabu hii sitawapa jibu. Malizeni wenyewe, na msisahau kwamba benki huongeza riba kila mwezi, iwe umeibiwa au hukuibiwa.

Baba Sala alipata hasara kubwa, na deni lile lilimwandama kwa miaka. Wenzake hupenda kuikumbuka filamu ile kama fundisho la uchungu kwa vikundi vyote vya kusafiri. Hata hivyo hakuacha kazi. Mwaka 1983 alitoa filamu nyingine, Aare Agbaye, na katikati ya miaka ya 1980 akatoa Mosebolatan, iliyoongozwa na Adeyemi Afolayan. Mtu ambaye nyumba yake imeungua, akajenga tena palepale kwa matofali yale yale: ndivyo ninavyomwona.

Kisha mambo yakageuka tena. Baada ya mwaka 1986 fedha ya Nigeria ilishuka sana thamani, na utepe wa filamu kutoka Ulaya ukawa hauguswi kwa bei. Vikundi havikuweza tena kutengeneza sinema. Hata safari za usiku zilipungua, maana mafuta yalipanda na watu waliogopa kutoka giza likiingia. Sasa waongozaji walifanya nini? Waliichukua ile ile mashine iliyowaua, wakaifanya chombo chao. Walianza kupiga michezo yao kwa kamera ya video na kuuza kanda wenyewe, kwa sababu kamera ya video haikuhitaji utepe wa Ulaya wala kusafishwa. Baba Sala naye alifanya hivyo. Katika miaka ya 1990 alitoa vichekesho vya video, kama vile Agba Man. Ndiyo maana husemwa kwamba sinema za Nigeria zinazojaa leo katika televisheni zetu zina mzizi mmoja katika malori yale ya michezo ya kusafiri.

Nao wafanya biashara wa kanda, wa soko la Alaba kule Lagos na masoko mengine, wakawa wakubwa wa kazi hiyo. Huko nyuma mwenye mchezo alikuwa mwenye mlango. Sasa mwenye mlango akawa mwenye duka. Mfanya biashara hutoa fedha ya kutengeneza, mwongozaji hupewa chake mara moja, kisha kanda huuzwa, na hesabu ya kanda zilizouzwa aijua mwenye duka peke yake. Mwongozaji asipokuwa na karatasi, hana la kusema. Hata akisikia mchezo wake ukichekwa kila nyumba anapopita, ataishia kucheka nao.

Hapa ndipo neno la tatu, na ni refu kidogo. Tugawe: HA-KI-MI-LI-KI. Limeunganishwa na maneno mawili mnayoyajua, haki na kumiliki. Hakimiliki ni haki ya mtu aliyebuni mchezo, wimbo, kitabu au picha, kuamua nani anakili kazi yake na kwa malipo gani. Nigeria ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1970, lakini ilikuwa dhaifu, na wezi hawakuiogopa. Wasanii walilia kwa miaka, mpaka mwaka 1988 ikatungwa sheria mpya, na mwaka 1989 kikaundwa chombo cha kuisimamia. Kwa Orun Mooru ilikuwa imechelewa miaka saba. Kwetu Tanzania, sheria inayohusika ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, na kwa sheria hiyo ndipo COSOTA ilipoanzishwa.

Labda mtu mmoja huko darasani anasema: hayo ni ya Nigeria, sisi yatuhusu nini? Swali zuri, nami nililitazamia. Baba Sala alifariki tarehe 7 Oktoba 2018. Miezi miwili kabla yake, tarehe 8 Agosti 2018, tulimpoteza wetu, Amri Athumani wa Tanga, ambaye ninyi nyote mnamjua kwa jina la King Majuto. Naye alianzia jukwaani, akaingia katika video, na nadhani hakuna kijiji chenye umeme ambacho hakikucheka kwa sababu yake. Katika mwaka ule ule, alipokuwa mgonjwa, mikataba ya wasanii ilizungumzwa sana nchini, na waziri aliyehusika na sanaa wakati huo, Dakta Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuichunguza. Mkaona jinsi watu wawili wa vichekesho, mmoja huku na mmoja kule, walivyofikia swali moja: kicheko kimekwenda nchi nzima, je, fedha yake imekwenda wapi?

Siku hizi hata mashine mbili hazihitajiki. Unampa kijana wa kibandani simu yako na shilingi mia tano, anakurushia vichekesho arobaini ukiwa umesimama. Yule kijana si jambazi. Anatafuta ugali. Wengine wenu ni watoto wenu, au ni ninyi. Mimi niliyenunua sidii stendini sina ulimi wa kumtukana. Lakini nataka tujue kwa jina tunachokifanya. Tena, kati yenu wako wenye vikundi. Najua madarasa ambayo yana ngoma, yana kwaya, yana kikundi cha michezo ya kuigiza kinachoitwa kila siku ya sherehe. Iko siku atakuja mtu na kamera, mwenye maneno matamu, aseme: "Chezeni tu, nitawatoa." Nyinyi mtacheza, naye ataondoka. Mchezo wenu uliokuwa kichwani mwenu utakuwa mfukoni mwake.

Hapo ndipo kalamu hizi mlizozishika zinapofaa. Nimewaambia kwamba michezo ya Wayoruba haikuandikwa, ilikaa kichwani. Jukwaani haikuwa hasara, maana mlango ulimlinda mwenye mchezo. Lakini mbele ya kamera hakuna mlango wa mbao. Mlango uliopo ni wa karatasi, na karatasi humlinda yule tu awezaye kuisoma kabla ya kutia sahihi. Kutia dole gumba pia ni sahihi, nalo pia hukufunga. Kwa hiyo asiyejua kusoma vizuri bado na amlete mtu anayemwamini amsomee neno kwa neno, tena kwa sauti, mbele ya wenzake wote wa kikundi.

Sasa kazi ya juma hili. Gawanyikeni katika vikundi vya watu watano. Tuseme ninyi ni kikundi cha vichekesho, na mtu wa kamera ametaka kuupiga mchezo wenu na kuuza. Andikeni karatasi ya mapatano yenye mistari sita. Mstari wa kwanza: jina la kikundi, na jina la mchezo, na kwamba mchezo ni wa kikundi. Wa pili: jina kamili la mtu wa kamera na mahali anapokaa, jina la utani halitoshi. Wa tatu: atalipa kiasi gani, na siku gani, msiandike "baadaye". Wa nne: ataonyesha au atauza wapi, na kwa muda wa miaka mingapi. Wa tano: akiuza zaidi ya hesabu mliyokubaliana, kikundi kitapata nini. Wa sita: tarehe, sahihi za pande zote mbili, na majina ya mashahidi wawili. Kisha nakilini karatasi hiyo mara mbili, kila upande ubaki na moja. Nakala hiyo ni ya halali.

Asiyeweza mistari sita na aandike mitatu, mwalimu atamsaidia mingine. Mwalimu azikusanye zote, achague moja iliyo nzuri na moja yenye makosa mengi, azilete kwetu bila majina ya waandishi. Juma lijalo, siku hii na saa hii, nitazisoma zote mbili hapa redioni, nanyi mtaniambia mtu wa kamera angeweza kupenya wapi. Na msisahau jibu la hesabu ya pili.

Kwaherini.